Mwanamvua na Sahani za Watu

Kusifu watu si kazi yangu, na kumsifu wifi ndiyo kabisa. Tangu kaka yangu Hemedi alipomwoa Mwanamvua na kumleta hapa Kisarawe, mimi na yeye tulisalimiana kwa midomo tu. Yeye alikuwa na mkono wa mapishi na maneno machache, basi watu wakamwona ana adabu. Mimi, Sikuzani, mwenye maneno mengi na wali wa bokoboko, nikawa gumzo la kijiji. Nyumba zetu zilitazamana ndani ya ua mmoja. Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na ukinisikia namsifu ujue kunyamaza kumenishinda.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili, kibiriti adimu na kaniki mpya haionekani. Hemedi alikuwa akipasua mbao msituni, upande wa Pugu. Siku moja alitoka asubuhi ana hamu ya kunde za nazi, akamwambia mkewe, naye akazibandika mapema ili akirudi azikute. Kabla ya adhuhuri wenzake wakamleta wamembeba kwenye machela ya miti. Mti uliokuwa ukiangushwa ulimwangukia. Hakuna aliyezikumbuka kunde. Zilikauka, zikaungua, na harufu yake ikaenea ua mzima mpaka ndani chumbani, alikokuwa amekaa Mwanamvua na maiti ya mumewe. Nilimwona akiinua uso, akatambua ni nini kinachoungua, akauinamisha tena.

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika mpaka matanga yaondoke, na majirani zetu walipika kweli. Matanga yakaondoka, Mwanamvua akabaki ndani kwenye eda, na sahani zikaendelea kuja. Asubuhi mihogo, jioni ugali, Ijumaa wali. Swaumu, mke wa Mzee Mwishehe wa nyumba ya pili, ndiye aliyewaongoza wanawake wenzake katika wema huo, na wema wake sina la kuutilia shaka. Lakini kuna jambo hawakulifikiria. Hapa kwetu sahani iliyokuja na chakula hurudi na chakula. Ukimrudishia mwenzako sahani tupu atajua mmegombana. Mwanamvua hapiki, basi sahani hazirudi. Wenyewe wakamwambia, "Kaa nayo tu, mwenzetu, usijali," wakaona wamemsaidia.

Zikarundikana. Sahani za bati, mabakuli ya udongo, vibakuli vya maua vilivyonunuliwa kwa Mhindi, vyote vikapangwa ukutani kwa Mwanamvua kama amefungua duka. Mwisho watu wakaishiwa vyombo majumbani mwao, wakawa wanamletea chakula kwenye majani ya mgomba. Eda ikaisha, masika yakaanza, na yeye bado hajasogelea mafiga. Nilikutana na Swaumu kisimani nikashindwa kujizuia.

"Mwacheni apike," nikamwambia. "Mtamlisha mpaka lini?"

"Sikuzani, muogope Mungu. Mwenzio kafiwa."

"Na mie nimefiwa! Hemedi alikuwa nani kwangu?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama chizi. Nikajitwika mtungi wangu nikaondoka, na jioni ile kijiji kizima kikajua kwamba Sikuzani anamnyima mjane wa kaka yake chakula ambacho hata si chake.

Aliyekuwa akinitia uchungu ni Mboni, binti yao wa pekee. Alikuwa mrefu tayari, karibu avunje ungo, na ndio umri ambao msichana hashikwi mkono tena. Anatazama mama anafanyaje, naye anafanya. Sasa atazame nini? Asubuhi anakula kwa huyu, mchana kwa yule, jioni anarudi amebeba fungu la mama yake kwenye jani. Akawa amezoea kukaa milangoni mwa watu akisubiri. Ukimwita anakuja mbio, si kwa sababu anakupenda, ni kwa sababu anadhani kimeiva.

Hayo hayakumfichika kaka yetu mkubwa, Mwinyimadi. Yeye alikuwa akiishi Mlandizi, ana mashamba ya mpunga bondeni kwa mto Ruvu. Eda ilipokwisha alikuja kwa treni mpaka Pugu, akapanda kilima kwa miguu, akafika hapa jasho linamtiririka. Hakukaa hata kunywa maji. Aliingia jikoni kwa Mwanamvua, akachuchumaa, akautumbukiza mkono wake wote ndani ya majivu. Yalikuwa baridi, yana unyevu wa mvua iliyovuja. Akautoa mkono, akaukung'uta, akatoka uani tulipokuwa.

"Shemeji," akamwambia Mwanamvua, "mie sina ugomvi nawe. Umemtunza mdogo wangu vizuri. Lakini mtoto huyu anakaribia kuwa mwali. Atafundwa nini, na moto wenyewe hajui unakokwaje? Naenda kuvuna mpunga wangu. Nikimaliza nitakuja. Nikikuta jiko limelala hivi hivi, Mboni namchukua. Atawekwa ndani kwangu, na ngoma yake itachezwa Mlandizi."

Mimi nilielewa maana ya maneno hayo, na Mwanamvua alielewa kuliko mimi. Mwali akiwekwa ndani nyumba fulani, hapo ndipo kwao. Atakuwa wa huko, ataolewa kutoka huko, na siku ya kumtoa, siku ambayo mama wa mwali hubebwa juu juu kwa vigelegele, Mwanamvua angesimama pembeni na wageni wengine waliokuja kwa treni. Hemedi keshakwenda. Aliyebaki naye ni Mboni tu, basi.

Na Mwinyimadi hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumtukana.

Alipoondoka nilimfuata wifi yangu ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimeyapanga tangu kisimani. Nikamkuta amekaa chini mbele ya vile vyombo vya watu, anavitazama. Akachukua bakuli moja la udongo, lenye ufa mdomoni, akaligeuza.

"Hili la nani, wifi?"

"La Swaumu. Wanakula mchuzi kwenye kifuu siku hizi, yeye na mzee wake."

Nikategemea atalia. Hakulia. Akaliweka peke yake, mbali na mengine, akaniuliza kama kesho nitaamka mapema. Nikamjibu kwamba mimi huamka mapema kila siku, si kama watu wengine. Nikatoka na maneno yangu yote bado mdomoni.

Asubuhi nikasikia hodi mlango wa jikoni.

"Nani?"

"Mie. Nimekuja kupalia moto."

Alikuwa ameshika kigae mkononi. Mwanamke kuja na kigae kwa jirani kuomba makaa mawili ya moto ni jambo la kila siku. Miaka ile ya uhaba wa kibiriti nyumba nzima nzima ziliwashwa kutoka jiko moja. Lakini Mwanamvua hakuwa amefika kwangu na kigae tangu siku ile ya msiba. Nikainama kumchagulia makaa mazuri, nikamgombeza kwamba kigae chake kidogo, atajiunguza, nani kamfundisha kupalia moto na kigae cha namna ile. Niligombeza mpaka akaondoka, kwa sababu ningenyamaza ningelia mbele yake.

Haukupita muda, Mboni akaja mbio. "Shangazi, mama anatapika!"

Nikaruka uani. Sufuria ya mihogo ilikuwa inachemka juu ya mafiga, moshi umejaa, na Mwanamvua ameinama nje ya mlango, ameshika ukuta. Nikajua mara moja. Haikuwa mihogo. Ilikuwa moshi, na mvuke, na sauti ya kifuniko kikitetemeka, na kilichomjia ni siku ile. Nikaingia kuondoa kuni. Akanikamata mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu.

"Uache," akasema.

"Utakufa hapa."

"Uache, wifi."

Akajifunga upindo wa kanga puani, akaingia. Akakaa juu ya kibao karibu na moto, machozi ya moshi na machozi mengine yakimchuruzika, akakaa hapo mpaka mihogo ikaiva. Hakuisogeza sufuria, hakumwita mtu. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, miaka yote ile baada ya kaka yangu kuniambia nimpende.

Mihogo ile ilikuwa na chumvi ya kutosha kukausha papa. Akaijaza kwenye bakuli la Swaumu, akalifunika, akampa Mboni akalirudishe. Swaumu, mtu wa watu, akaila yote na kusifu, kisha akanywa maji mchana kutwa. Mzee Mwishehe hakuwa na uungwana huo. Alisema kwa sauti, barazani, kwamba mjane amewarudishia bakuli na bahari ndani yake. Maneno yakamfikia Mwanamvua kabla ya adhuhuri. Kesho yake akaja tena na kigae chake.

Sahani moja, siku moja. Ndivyo alivyojiwekea. Kila asubuhi anachukua chombo kimoja cha mtu ukutani, anamwambia Mboni leo ni zamu ya fulani, wanapika. Wakimaliza kula wao, chombo kinajazwa na kurudi kwa mwenyewe. Wanawake walipoona wanarudishiwa, wakaacha kuleta. Hawakuambizana. Mtu akishapokea sahani yako imejaa huwezi tena kumpelekea jani la mgomba.

Wala usidhani ule mkono wake ulirudi wenyewe kama mbuzi anayejua zizi. Vilimpotea vyote viwili, mkono na ulimi. Siku moja ugali una madonge. Siku nyingine maharage hayana chumvi kabisa, kwa kuogopa yale ya bahari. Kisamvu alikitwanga nusu, kikaja na vijiti. Watu walikula, wakacheka, wakasema. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwahi kujitetea. Angeweza kusema nimefiwa, na nani angemjibu? Yeye alimtuma Mboni aulize kilichokosekana, na kesho yake kilichokosekana kipo.

Kitu kilichomsumbua muda mrefu zaidi ni kipimo. Hemedi alikuwa mlaji, na hakuwa mtu wa kula peke yake. Alikuwa akirudi na wenzake wa msituni, chakula cha wanne kikaliwa na saba. Mwanamvua akishika kibaba, mkono wake bado unampimia Hemedi. Nilimwona mara nyingi, akichota mchele na kuumimina kwenye ungo, kisha anasimama, anatazama, anauchota tena kiasi na kuurudisha kwenye kikapu. Kila siku alipima cha mumewe, na kila siku alikirudisha. Hakuruka siku hata moja, na hakuomba mtu mwingine ampimie. Nilimwambia nitampimia mimi. Akakataa. Akasema asipouzoesha mkono wake mwenyewe hatajua kamwe kupimia watu wawili.

Halafu kuna siku alizipika kunde. Hakuna aliyemlazimisha, mboga zilikuwepo tele. Nilinusa tu nikiwa kwangu, roho ikanipasuka, nikatupa ufagio nikaenda. Nikamkuta amekaa na mwiko mkononi, anakoroga taratibu, amemweka Mboni mbele yake. "Kunde huziachi," alikuwa anamwambia. "Ukiweka tui zito unakaa nazo. Mtu akikuita mwambie asubiri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikajifanya nimefuata chumvi.

Mboni naye akabadilika. Mtoto aliyekuwa anashinda milangoni mwa watu sasa humwoni nje. Alikuwa anakalia mbuzi na kukuna nazi mpaka vifuu vinang'aa, anakamua tui kwa kifumbu, anapepeta, anatwanga. Nikimwita kwangu ananijibu, "Nakuja shangazi, nimebandika." Nimebandika! Nilikuwa narudia neno hilo peke yangu nikifagia.

Mpunga wa bondeni ukavunwa. Ukuta wa Mwanamvua ukawa mweupe, vyombo vya watu vimebaki vichache. Na Mwinyimadi akaja.

Alifika alasiri, na kwa kuwa nyumba ya Hemedi haina mwanamume wa kumpokea, akafikia kwa Mzee Mwishehe. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, nachambua mchicha, nikamsikia akiwaambia wanaume waliokuwepo kwamba kesho asubuhi anaondoka na binti wa marehemu. Mzee Mwishehe akamwambia kwamba siku hizi mjane anapika. Mwinyimadi akacheka kidogo. "Anapika, au Sikuzani anampikia? Namjua dada yangu. Atafanya lolote mtoto asiondoke." Na kwa hilo hakukosea, ningefanya. Lakini sikufanya, na kuvunjiwa heshima kwa kosa nisilolitenda kunanichemsha damu.

Nikaenda kumwambia Mwanamvua. Nilimkuta ameshabandika wali, na Mboni anakoroga kisamvu. Nikamnong'oneza ili mtoto asisikie, ingawa naona alisikia. Wifi yangu akapalia makaa juu ya kifuniko cha wali. Halafu akaenda chumbani, akavuta kutoka mvunguni sinia kubwa la Hemedi, akaanza kulifuta vumbi.

"La nini hilo?" nikamuuliza, na nilikuwa najua.

"Linakwenda jamvini."

Anayenisikia akiwa mtu wa mbali inabidi nimweleze. Wanaume wa upande wetu hula pamoja jioni, kwenye jamvi mbele ya nyumba ya Mzee Mwishehe. Kila nyumba hutoa sinia lake limefunikwa kawa, na mwanamume wa nyumba hiyo ndiye anayelifunua na kusema karibuni. Sinia ambalo mwenyewe hajalikaribisha, hakuna anayeligusa. Ndiyo maana nyumba ya mjane haitoi sinia. Mjane akitaka kulisha watu hupeleka nyuma, kwa wanawake.

"Nani atalikaribisha?" nikamwambia. "Hemedi atatoka kaburini? Litakaa pale hivi hivi, wataliangalia, na kaka ataona kweli nyumba hii imekwisha. Utakuwa umempa mtoto kwa mikono yako mwenyewe!"

"Wifi."

"Nisikilize mie!"

"Nipishe mlango."

Nikampisha. Akapakua wali, akaweka bakuli la kisamvu katikati, akafunika kawa. Baada ya sala ya magharibi Mboni akajitwika lile sinia. Mimi nilikwenda kusimama kwenye upenu wa Swaumu.

Mboni akalitua jamvini, karibu na kandili, akarudi bila kumtazama mtu. Wanaume wakafunua masinia yao, huyu karibuni, yule karibuni, wakala. Sinia la Hemedi likabaki na kawa lake. Mazungumzo yakapungua, yakaisha. Kila mmoja alilijua sinia lile, kwa sababu kila mmoja amekula humo. Mwinyimadi akaliangalia muda mrefu.

"Hili la nani?" akauliza, na alijua.

"La nyumba ya marehemu," akajibu Mzee Mwishehe.

"Marehemu hakaribishi mtu," akasema Mwinyimadi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikageuka kumtafuta Mwanamvua nimpeleke ndani asisikie, na hakuwepo pale nilipomwacha. Alikuwa ameshanipita. Alivuka uwanja taratibu, kanga imefunika kichwa, akaenda mpaka ukingo wa jamvi ambako hakuna mwanamke anayefika wakati wa kula isipokuwa kuondoa vyombo. Akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Sinia ni la nyumba yangu," akasema. Sauti yake ilisikika mpaka upenuni. "Karibuni."

Akanyoosha mkono akalifunua kawa mwenyewe.

Mimi nimeishi na watu. Nimeachika, nimeolewa, nimeachika tena, nimegombana na wakubwa na wadogo, na ninajijua kwamba si mwoga. Jambo lile nisingeliweza. Nasema wazi, nisingeliweza hata kwa mtoto wangu wa kuzaa. Kushindwa kwake kungeonekana na kila mtu, na yeye alilijua hilo alipokuwa anafuta vumbi la sinia.

Hakuna aliyesogea. Mvuke wa wali ukawa unapanda. Halafu Mzee Mwishehe, ambaye kwa uroho hana mwenzake toka hapa mpaka Maneromango, akavuta pua.

"Mie nimekaribishwa," akasema, akajisogeza kwa makalio mpaka kwenye sinia, akatia mkono. Akatafuna. Akatia tena. Wengine wakacheka, wakasogea, na mikono ikawa mingi.

Mwinyimadi akabaki peke yake na sinia la mwenyeji wake. Akamtazama Mwanamvua aliyekuwa bado amepiga goti. Mwisho akasogea naye, akamega tonge dogo, akalila kwa makini kama mtu anayeonja dawa.

"Huu si mkono wa Sikuzani," akasema. "Sikuzani hajapata kupika wali ukachambuka tangu azaliwe."

Jamvi zima likaangua kicheko. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

"Wali nimepika mie, shemeji," akajibu Mwanamvua.

"Na kisamvu?"

"Kisamvu kapika Mboni. Kakichuma, kakitwanga, kakiunga kwa tui. Mie nilikuwa kwenye wali, sikukigusa."

Mwinyimadi alikuwa ana tonge mkononi, karibu na mdomo. Likakaa pale. Nikaona kidevu chake kinacheza kwenye mwanga wa kandili, nikakumbuka kwamba yule aliyekufa alikuwa mdogo wake, aliyembeba mgongoni. Akalila lile tonge. Akala lingine, na lingine, mpaka chini ya sinia upande wake kukaonekana. Akanawa, akajifuta midomo.

"Shemeji," akasema, "kesho nashuka Pugu kuwahi treni. Nitapata uji kwako kabla sijatoka?"

"Utapata, shemeji."

Hilo tu. Hakumtaja mtoto, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mwanamvua aliinuka akarudi nyumbani, nami nikamfuata.

Asubuhi Mwinyimadi alikaa kwenye kibao katikati ya ua wetu, akanywa uji wa mchele na tui, akaomba aongezewe. Alipoinuka kuchukua mkoba wake alimwona Mboni. Mtoto alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa, na chini yake kuna kifurushi cha nguo zake kimefungwa kwa kaniki. Hakuna aliyemwambia afunge, na hakuna aliyemwambia asifunge. Alisikia ya jioni na akajiandaa peke yake, kimya kimya, ili asimsumbue mama yake.

"Hicho nini?" akauliza Mwinyimadi.

"Nguo zangu, baba mkubwa."

Mwinyimadi akakitazama kile kifurushi, akamtazama Mwanamvua aliyekuwa jikoni na upawa mkononi, hajageuka.

"Kirudishe ndani," akasema. "Ngoma yako itachezwa hapa kwa mama yako. Mie nitaleta mchele, na nitakuja kula."

Akashika njia ya Pugu peke yake. Mwanamvua aliuweka upawa chini, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakupata kulia hata siku ya maziko, na mimi nikakaa chini kando yake nikalia naye, bila kumgombeza. Mboni alisimama na kifurushi chake hajui akiweke wapi. Baadaye akauliza mchana wanapika nini. Mama yake akajifuta uso na upindo wa kanga, akaangalia kuni zilizobaki, akamwambia aanze kuchambua mchele.